Gari linachemsha na feni imesimama: anza na maji, umeme baadaye

Mteja akikuletea Corolla ya miaka ya 1990 na kusema gari linachemsha, usikimbilie spana. Muulize linachemsha wapi. Kama ni kwenye foleni ya Ubungo, na sindano ya joto inashuka barabara ikifunguka, upepo ndio unaokosekana na feni ndiyo mshukiwa. Kama mjini linatulia lakini linachemsha likiwa mwendo wa 80 kuelekea Chalinze, achana na feni, maana kwa mwendo huo upepo wa barabarani unatosha. Tafuta rejeta iliyoziba, wota pampu iliyochoka au thermostati (mlango mdogo unaofunguka kwa joto kuruhusu maji yapite kwenye rejeta) isiyofunguka vizuri.

Tuseme ni foleni, na kweli feni imesimama huku sindano inapanda. Hapa ndipo vijana wengi wanapoihukumu mota. Kagua kwanza kiwango cha maji, injini ikiwa imepoa; mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi hata mteja awe na haraka kiasi gani, maji yale yanaunguza uso. Kisha washa injini, ipate moto, na uguse mipira ya rejeta kwa uangalifu. Kwenye Toyota nyingi za zama hizo, zenye injini kama 4A-FE na 5A-FE, swichi ya feni hukaa karibu na thermostati, upande ambao maji yanarudi kutoka kwenye rejeta. Thermostati ikikwama imefunga, maji ya moto hayafiki huko. Injini inachemka, swichi inaona baridi, feni haiwaki, na mota mpya utakayomnunulisha mteja nayo haitawaka. Mpira wa juu ukiwa moto na wa chini baridi, toa thermostati uitumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 iwe wazi kabisa.

Mipira yote miwili ikiwa moto, sasa ingia kwenye umeme. Zima injini, chomoa waya wa swichi ya feni, zungusha funguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata. Mikono iwe mbali, kwa sababu kwenye magari haya feni inatakiwa kuzunguka papo hapo. Swichi yake inapitisha umeme injini ikiwa ya baridi na inakata karibu nyuzi 93. Kukata huko ndiko kunakoiruhusu rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, iwashe feni. Faida yake ni kwamba waya ukikatika, feni inazunguka muda wote na injini inasalimika. Ndiyo maana feni inayovuma asubuhi na mapema, eyasii (kiyoyozi) ikiwa imezimwa, inakuelekeza kwenye waya au swichi. Magari mengine yamefungwa kinyume cha hivi, kwa hiyo tafuta mchoro wa umeme wa gari lililo mbele yako.

Feni ikizunguka ulipochomoa waya, mshukiwa ni swichi au waya wake. Isipozunguka, kagua fyuzi na rilei, halafu ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Isipozunguka mpaka uigonge, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha. Ikivuma vizuri kwenye betri lakini ikawa dhaifu kwenye waya za gari, angalia soketi iliyoungua na ethi (waya wa umeme unaofungwa kwenye bodi ya gari) yenye kutu. Pima volti feni ikiwa inazunguka, si ikiwa imesimama. Na kama mota iliwahi kubadilishwa, weka karatasi mbele ya rejeta: inatakiwa ivutwe na kunata. Ikisukumwa, waya zimegeuzwa, na feni inapigana na upepo wa barabarani.

Nakusihi usijifunze ile tabia ya kutupa thermostati na kuunga feni dairekti. Injini inakaa baridi mno, inakula mafuta, mota ya feni inachakaa kabla ya wakati wake, na ugonjwa wenyewe umebaki ndani.

Ukimaliza, jaza maji, toa hewa yote, na uiache injini isilensa (izunguke bila kukanyagwa mafuta) hadi feni iwake na kuzima yenyewe angalau mara mbili. Gari lilale gereji. Asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama maji. Yakiwa yamepungua na hakuna panapovuja, na ukiwasha unaona mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, mweleze mteja mapema kwamba sasa mnazungumzia gasketi ya silinda hedi iliyoungua, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku.