Barua kwa Mtunzi: Mchungaji asikumalizie hadithi

*Mtunzi wetu wa Tanga, mwandishi wa riwaya za Kikristo na mwalimu mstaafu, anajibu barua za wasomaji na za waandishi wachanga.*

Shikamoo Bibi. Nimemaliza mswada wa riwaya kuhusu binti anayetoka kijijini kuja kufanya kazi baa hapa mjini. Anapotea, mwishowe anaokoka. Mchungaji wangu ameusoma, anasema nimeandika vizuri ila binti anatenda dhambi nyingi mno na toba yake ni fupi. Anataka nipunguze kurasa za baa na niongeze mahubiri mwishoni. Nifanyeje? – Binti wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kumaliza. Wengi wanaoniandikia wana sura ya kwanza na picha ya jalada.

Mchungaji wako mheshimu, lakini mswada ni wako. Ukiikata baa, msomaji hatajua binti ametolewa wapi, na wokovu wenyewe utakuwa wa bei rahisi. Ila nami nina swali ambalo mchungaji hakukuuliza. Hizo kurasa za baa zinasimulia nini? Kama ni sketi yake na macho ya wanaume, zikate, maana hayo kila mtu ameshayaandika. Tuambie analipwa shilingi ngapi kwa mwezi, na chupa ikivunjika inakatwa kwa nani. Analala na wenzake wangapi katika kile chumba cha Makorora? Mama yake anapopiga simu, anamwambia anafanya kazi gani? Andika hayo na dhambi itaonekana yenyewe, huruma nayo itaonekana pembeni yake.

Mahubiri ya mwishoni usiyaongeze hata mstari. Fungua Luka 15. Mwana mdogo amerudi, ngoma inapigwa, kaka yake amenuna nje, baba ametoka kumbembeleza aingie. Je, aliingia? Hatuambiwi. Bwana Yesu alikuwa akisema na Mafarisayo na waandishi walionung'unika (waandishi wa wakati ule, si sisi), akawaachia wajijibu. Kitabu cha Yona kinaishia kwenye swali, na viumbe vya mwisho kutajwa ndani yake ni wanyama wa Ninawi. Esta, katika Biblia tunayoisoma makanisani mwetu, hakimtaji Mungu kwa jina tangu sura ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna aliyekitoa katika Biblia kwa kosa hilo. Nathani naye alipotumwa kwa Daudi hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja wa kike, akangoja hadi mfalme akakasirika kwa kinywa chake mwenyewe.

Riwaya zetu nyingi hufia mahali pamoja. Mambo yakishakaza, mchungaji anaingia, anafungua Biblia, anasema kurasa sita, mtu analia, mwisho. Mimi huwa naangalia kurasa zilizobaki, nikiona ni chache najua mchungaji yuko njiani. Sasa wewe mwokoe binti yako mapema, sura ya kumi hivi, kisha mpe sura nyingine tano za kuishi na huo wokovu. Mwenye baa anamdai. Mama mzazi hamwamini. Akina mama wa kanisani wanavuta mikoba yao karibu akija kukaa benchi lao. Na yule mteja aliyekuwa akimlipia kodi ya chumba, kumbe anaimba besi kwenye kwaya. Huyo utamfanya nini? Mimi kitabu hicho ningekinunua.

Jambo dogo kuhusu sala. Ziwe fupi. Mtu aliyebanwa hasali kwa aya alizokariri Shule ya Jumapili. Husema, "Bwana, kodi ya mwezi huu," akanyamaza.

Salaam Bi. Mimi ni Muislamu, mkazi wa Ngamiani, barabara ya kumi na tano. Binti yangu huazima riwaya zenu shuleni nami nazisoma akishalala. Mbona Muislamu akitokea humo ni mganga, au ana majini, au yupo tu ili mwishoni abadili dini? – Mzee wa Ngamiani

Salaam mzee wangu. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya vijana ninaowafundisha kuandika. Walitazama chini, nami nikawaacha watazame.

Jibu lake ni uvivu. Mwandishi amezaliwa Tanga, ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa chumba cha jirani Muislamu. Akifiwa, mikeka na masufuria hutoka nyumba hiyohiyo. Sikukuu ya Idd anakula pilau lao, Krismasi wanakula lake. Kisha akishika kalamu anaandika mji ambao jirani huyo hayumo, au yumo kama mganga aliyemwona kwenye filamu. Hajawahi kujiuliza jirani anaogopa nini, anachekea nini, anasali akiwa na jambo gani moyoni. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa karibu na mji wetu, mwaka 1909, na sisi watoto wa misheni tulikaririshwa mashairi yake darasani. Sijasikia padri aliyelalamika kwamba imani zetu zilipungua.

Kwa waandishi wanaosoma hapa: kama Muislamu wako hamshindi Mkristo kwa hoja hata mara moja katika kitabu kizima, hiyo ni karatasi ya kugawa stendi. Tafuta Muislamu mmoja mwenye ulimi mkali, mpe mswada kabla ya kupiga chapa. Wangu hupitiwa na jirani yangu fundi cherehani, mama mmoja asiye na haya. Hupiga mstari kwa chaki ya kukatia nguo na kusema, "Hapa umetusingizia." Safari moja alinionyesha kwamba nimemlisha mtu saa kumi na moja jioni ndani ya Ramadhani kana kwamba kuna daku ya mchana.

Bibi, nataka kuandika riwaya kuhusu misheni ya Magila alikosoma babu yangu. Vitabu nilivyovipata vinasimulia wamisionari tu. Nianzie wapi? – Mjukuu, Muheza

Anzia kwa babu. Askofu ameshaandikwa.

Kila mtoto wa shule anajua kwamba mwili wa Livingstone ulifikishwa Bagamoyo mwaka 1874. Waulize ni nani walioubeba kutoka bara miezi yote ile. Chuma na Susi, watumishi wake, na wenzao ambao majina yao hayakubandikwa popote. Pale Bagamoyo mnara unaitwa kwa jina la maiti. Wewe shughulika na mabega.

Na mabega hayakosekani. Wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, hao walioanzisha Magila, walihamia Zanzibar mwaka 1864. Soko la watumwa la pale likafungwa mwaka 1873. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akapewa ukasisi. Hebu kaa na mtu huyo jioni moja. Watu waliomnunua na waliomkomboa wote walivuka bahari kuja kumkuta, naye sasa amevaa kanzu nyeupe anawabariki wengine. Usinieleze alikuwa mtakatifu. Nieleze aliota nini usiku.

Lakini kama ningekuwa mimi, ningekwenda kwenye vita. Novemba 1914 Waingereza walijaribu kushuka hapa Tanga wakapigwa, na hadi leo watu wanasimulia nyuki waliowavamia. Wachache husimulia yaliyowapata walimu Waafrika wa misheni ya Kiingereza. Wajerumani ndio waliotawala, na walimu wale walikuwa wanafunzi wa adui, basi wakakamatwa na kutiwa kifungoni. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, shule ya UMCA kule Zanzibar, alikuwa miongoni mwao. Baadaye, akiwa karani wa serikali hapahapa Tanga, alianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika mwaka 1922. Kwa hiyo una mwalimu Mbondei, bwana mkubwa Mjerumani, askofu Mwingereza, na kengele ya asubuhi. Huyo mwalimu akiwa gerezani amwombee nani ashinde? Ukipata jibu jepesi, chana uanze upya.

Vitabu vya wamisionari visome hata hivyo, ila visome kwa ajili ya mambo waliyoyaandika bila kukusudia: bei ya shuka, mvua iliyozuia ibada, mpishi aliyefukuzwa. Kisha muombe kasisi ruhusa ya kutazama madaftari ya zamani ya ubatizo, kama parokia bado inayo. Mtu huingia humo na jina moja akatoka na lingine. Andika na majina ya wadhamini. Wazee waulize walikula nini shuleni na walichapwa kwa kosa gani. Ukiwauliza habari za imani watakupa mahubiri.

Bibi mwalimu, nilichapa riwaya yangu Dar es Salaam, nakala 300. Nyingi zipo chini ya kitanda. Kanisani wananipongeza lakini hawanunui. – Mwalimu wa Pongwe

Mwalimu mwenzangu, walikusikia wakati wa matangazo, katikati ya mazoezi ya kwaya na mchango wa mabati. Nani anakumbuka tangazo? Muombe mchungaji dakika tatu, usimame usome ukurasa mmoja. Chagua ule ambao mtu yumo kwenye shida isiyoisha upande wa pili, ukifika kwenye ncha funga kitabu ukae. Usiseme "naomba mniunge mkono." Ukiomba kuungwa mkono utapewa mkono.

Meza yako iwe mlangoni pa kutokea, kabla ya mnada. Mnada ukishaanza macho yote yapo kwa jogoo na mkungu wa ndizi. Na usikubali, nasema usikubali, mzee wa kanisa akipigie kitabu chako mnada. Nimeshuhudia kitabu kikipanda hadi shilingi elfu themanini, vigelegele, aliyekinunua akamtunuku askofu mgeni, askofu akampa dereva akishike. Fedha iliingia kwenye jengo, jambo jema. Msomaji hakupatikana hata mmoja, na wewe unahitaji msomaji atakayeulizia kitabu cha pili.

Bei iwe ya noti moja, elfu tano au elfu kumi, kwa sababu Jumapili hakuna mwenye chenji. Namba ya kulipia kwa simu iandike kwa kalamu nene kwenye kadibodi. Kukopesha hapana. Deni la kanisani utalidai vipi, na mdaiwa ndiye anayekuongoza sala?

Kilichonifaa mimi kuliko vyote ni vikundi vya akina mama. Nakipa kikundi nakala moja wasomeane kwa zamu, kisha naomba kuhudhuria siku yao. Sifiki pale kueleza kitabu. Nafika kusikiliza wakigombana kama yule mke alipaswa kurudi kwa mumewe. Ugomvi ukipamba moto kila mmoja anataka nakala yake akathibitishe. Usiishie kwenye dhehebu lako: Waanglikana wa Tanga wana mashemeji Walutheri wa Lushoto na Wakatoliki wa Korogwe, na riwaya inakwenda na shemeji. Peleka nakala Maktaba ya Mkoa pia. Kwenye simu, weka sura moja kwa sehemu, siku ileile kila wiki, usome kwa sauti yako. Watu wakizoea Jumatano, Jumatano watakutafuta.

Kuna mchapishaji anataka nimlipe milioni mbili achape riwaya yangu, na mkataba unasema haki zote ziwe zake. Nisaini? – Msomaji, Korogwe

Usisaini. Anayetoa fedha zake ni mchapishaji, anayepokea zako ni mpiga chapa. Huyo anataka vyeo vyote viwili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo unachotaka kukitoa ni mali ya wajukuu. Ukiamua kulipia mwenyewe, lipia uchapaji tu, ISBN iombwe Bodi ya Huduma za Maktaba kwa jina lako, na faili la kitabu likabidhiwe mkononi mwako. Fedha itakayobaki mpe mhariri. Kama haibaki, punguza nakala, mhariri usimpunguze.

Kitabu changu kinazungushwa bure, pdf, kwenye kundi la WhatsApp la usharika wetu! – Mwandishi mwenye hasira, Lushoto

Pole. Mwandikie kiongozi wa kundi faragha, mwombe aifute, na ikishindikana aweke chini yake namba yako ya simu na bei. Baadhi watalipa, wengine kwa aibu. Amri ya "Usiibe" usiibandike kundini. Utakuwa na haki na utakosa wanunuzi.

Bibi, unapokea miswada? – Wengi

Napokea kurasa ishirini za kwanza, zilizopigwa chapa, mistari iachane vya kutosha, kupitia ofisi ya jarida hili. Picha za daftari kwa simu sizisomi, macho yangu yameshasahihisha ya kutosha. Na tafadhali, msiniandikie kwamba Roho Mtakatifu ndiye aliyewasomea imla neno kwa neno, kwa maana nitaogopa kusahihisha hata nukta.