Amiri chini ya ukuta: Mkristo na habari za vita vya mataifa

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Kundi letu la WhatsApp la kwaya limegawanyika kwa sababu ya vita vya Urusi na Ukraine. Mzee mmoja hutuma video kwamba Putin ndiye mlinzi wa Ukristo na kwamba vyombo vyote vya Magharibi ni waongo. Vijana humjibu kwa habari za BBC na DW. Mimi nimechoka, siku hizi sisikilizi chochote. Je, Mkristo aamini upande gani, au aachane kabisa na habari za dunia?

JIBU: Amina, mpendwa. Kuzima redio si dhambi, ila hakutatibu ugonjwa ulioutaja, kwa kuwa ugomvi wenu hauko redioni. Uko kwenye kidole kinachobonyeza "tuma". Nianzie Isaya 36. Wahubiri wengi huiruka sura hiyo mbio ili wawahi muujiza wa sura ya 37, kumbe ndani yake mna somo zima la utangazaji wa vita.

Mwaka 701 K.K. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, ameshateka miji ya Yuda. Anamtuma amiri wake, ambaye tafsiri nyingine humwita Rabshake, mpaka chini ya ukuta wa Yerusalemu. Wajumbe wa Hezekia, mfalme wa Yuda, wanamsihi aseme Kiaramu, lugha ya mabalozi wa wakati ule. Anakataa na kupaza sauti kwa Kiyahudi, makusudi, ili askari walioko ukutani wamsikie. Serikali aliipita juu kwa juu akaenda kwa wananchi, kwa lugha ya mama zao.

Sasa tazama alivyopanga maneno. Mstari wa 6: Misri ni mwanzi uliopondeka, ukiuegemea utakutoboa mkono. Hiyo ni kweli, na Isaya mwenyewe alikuwa ameshasema msaada wa Misri ni bure (30:7). Mstari wa 7: Hezekia ameondoa mahali pa juu pa kuabudia na madhabahu. Kweli tena, ila ameipindua, kana kwamba mfalme alimkosea BWANA kwa kufanya hivyo. Ndipo mstari wa 10: BWANA ndiye aliyeniambia nipande niiharibu nchi hii. Uongo mkubwa umekuja nyuma ya kweli mbili, nao umevaa joho la dini. Kisha mstari wa 17 anaahidi kuwachukua mpaka "nchi kama nchi yenu", nchi ya nafaka na divai. Kwa Kiswahili cha kawaida, huko ni kupelekwa utumwani. Kwa hiyo Moscow ilipoita uvamizi wa 24 Februari 2022 "operesheni maalumu ya kijeshi", haikubuni mtindo mpya.

Kuna na upendeleo wa kunyamaza, ambao ni mgumu zaidi kuugundua. Senakeribu aliandikisha habari za vita vile kwenye nguzo ya udongo iliyoko leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Anajisifu kuwa aliteka miji 46 na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege katika tundu. Popote hasemi kwamba aliuteka mji, kwa sababu hakuuteka, lakini msomaji wa haraka hataligundua hilo. Biblia kwa upande wake inakiri aibu ya mfalme wake yenyewe: Hezekia alilipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu (2 Wafalme 18:14). Dhahabu inalingana na ya Senakeribu. Fedha, yeye anaandika 800. Shika kipimo hiki: neno analolikiri mtu huku likimuumiza mwenyewe lina uzito kuliko kumi anayojisifia.

Idhaa za Kiswahili za mataifa makubwa nazo zilizaliwa kwa namna hiyo. BBC ilianza 1957, China 1961, Sauti ya Amerika 1962, Ujerumani 1963. Ndiyo miaka ya uhuru wetu na ya Vita Baridi. Kila mmoja alitaka kusikika ukutani kwetu. Hiyo haina maana kwamba wote ni sawa, na wazo la "wote waongo" ni uvivu uliovaa hekima. Uliza: chombo hiki kinaweza kutangaza jambo linalomuumiza anayekilipa? Urusi ilipitisha sheria 4 Machi 2022 ya kifungo cha hadi miaka 15 kwa "habari za uongo" kuhusu jeshi. Mwandishi aliye chini ya sheria hiyo hawezi kukwambia lolote la kulichukiza jeshi, hata kama ni mkweli moyoni.

Magharibi nao wana deni lao. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati ule, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Iraq inaficha silaha za maangamizi, na magazeti makubwa yakayabeba maneno hayo. Silaha hazikuonekana. Mei 2004 gazeti la New York Times lilikiri kwa wasomaji wake kuwa halikuwa makini vya kutosha. Walikiri, na hilo ni la heshima, ila watu walikuwa wameshakufa katika vita vya Iraq.

Kuhusu "mlinzi wa Ukristo": Waukraine walio wengi ni Waorthodoksi, kama Warusi. Tarehe 6 Machi 2022 Patriaki Kirill wa Moscow, mkuu wa Kanisa la Orthodoksi la Urusi, alihubiri akiihusisha vita ile na gwaride za mashoga. Mzee wenu anaweza kuchukia gwaride hizo, nami simlaumu kwa hilo, lakini hakuna andiko linalogeuza dhambi ya mwingine kuwa kibali cha kupiga mabomu nyumba ya mbatizwa mwenzako. Hapo ndipo mstari wa 10 wa amiri unaporudi.

Nikupe mfano wa kuchambua. Machi 2, 2022 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuitaka Urusi iondoke Ukraine: 141 ndiyo, 5 hapana, 35 walijizuia. Katika nchi 54 za Afrika, 28 zilisema ndiyo, Kenya na Rwanda zikiwemo, 17 zilijizuia, kati yao Tanzania, Uganda na Burundi, 8 hazikupiga kura, Eritrea ilipinga. Kutoka hapo mhariri mmoja anaweza kuandika "Afrika yaikana Urusi", na mwingine "Karibu nusu ya Afrika yakataa kuikana Urusi". Hakuna aliyedanganya. Kwa hiyo ukiona kichwa cha habari chenye neno "Afrika" au "dunia", tafuta hesabu kwanza.

Video ni hatari zaidi. Vipande vya mchezo wa kompyuta wa Arma 3 vimesambazwa mara nyingi kama mapigano halisi. Kabla ya kutuma, simamisha video mahali penye jengo au kibao, piga picha ya skrini, uitafute kwa picha kwenye Google. Ikitokea kuwa ya mwaka mwingine, umemaliza kazi. Kama ni maandishi, tafuta nani alifanya, wapi, lini. Sentensi kama "raia wameuawa" isiyo na muuaji ina kitu imekificha. Torati haikuruhusu neno lithibitike kwa shahidi mmoja (Kumbukumbu 19:15), na mashahidi watatu wanaonukuu shirika moja la habari ni shahidi mmoja tu.

Basi hujalazimika kuchagua redio ya kuiamini. Umekatazwa kuvumisha habari za uongo na kuandamana na wengi kutenda uovu (Kutoka 23:1-2), na kutuma ni kushuhudia. Hezekia aliwaamuru watu wasimjibu yule amiri, kisha akaichukua barua ya Waashuru na kuikunjua mbele za BWANA (37:14). Kwaya ifanye vivyo hivyo: mabishano ya vita yatoke kwenye kundi, maombi yabaki, tena kwa wafalme wote (1 Timotheo 2:1-2), pamoja na wale msiowapenda.

Na kama wewe au mzee mlishatuma kitu kisicho kweli, msifute kimyakimya. Waliokwisha kukipeleka makundi mengine hawaoni mlichofuta. Andikeni palepale, chini ya ujumbe uleule, kwamba haikuwa kweli, na mwambieni kila mliyempelekea naye awajulishe wale aliowapelekea.