Mwanangu, acha bango, shika Jumapili asubuhi

Mwanangu,

Umeniuliza kama idara yenu ya michezo igharamie bango na zawadi za kuwatumia wapiga kura, ili mkimbiaji wenu, yule anayebeba mpira mbio, apate Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu. Hapana. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Oregon walitoa dola 250,000, wakambandika kwotabeki wao, yaani mrusha pasi, Joey Harrington kwenye jengo la New York, picha ya kimo cha ghorofa 10. Alijulikana nchi nzima, akamaliza wa 4. Chuo cha BYU waliwatumia wapiga kura tai za shingoni za karatasi, kwa kucheza na jina la kwotabeki wao Ty Detmer, mwaka 1990, naye akashinda, lakini Septemba ile dhidi ya Miami, timu namba 1 nchini, alirusha pasi za yadi 406, na BYU wakashinda. Kura aliipata uwanjani.

Isome vizuri karatasi ya kura. Waandishi wa habari wanaopiga ni 870, yaani 145 kwa kila kanda kati ya 6, pamoja na washindi wa zamani na kura 1 ya mashabiki. Kila mmoja huandika majina 3: la kwanza pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Mwaka 2009 Toby Gerhart, mkimbiaji wa Stanford, alimkosa Mark Ingram wa Alabama kwa pointi 28 tu. Kura za nafasi ya kwanza walipishana 5, sawa na pointi 15. Pointi 13 zilizobaki zilipotelea nafasi ya pili na ya tatu. Kwa hiyo mwandishi wa Florida mwenye chaguo lake tayari usimruke. Bado ana mistari miwili mitupu.

Adui yenu mkubwa huko Magharibi ni saa. Mechi ikianza kwenu saa 1:30 usiku, New York ni saa 4:30, na inaisha kama saa 8 usiku wao wamelala. Kazi yako hasa ni baruapepe ya Jumapili, iwafikie saa 3 asubuhi ya New York, ambayo kwenu ni saa 12 alfajiri. Iandae usiku uleule. Klipu moja ya sekunde 40, takwimu 3, basi. Jumla ya yadi kila mgombea anayo. Wewe onyesha ugumu: yadi dhidi ya timu za 25 bora, yadi baada ya beki wa kwanza kumgusa, mbio za robo ya nne mechi ikiwa haijaamuliwa. Hizo za baada ya kuguswa hutofautiana kati ya kampuni moja ya takwimu na nyingine, hivyo taja chanzo. Namba moja ikikutwa na kosa, barua zako zote zitakazofuata hazitafunguliwa.

Watangazaji wa televisheni hukutana na makocha kabla ya mechi. Wape ukurasa mmoja, na jina la kijana linavyotamkwa. Watalisema hewani kwa muda wa saa tatu nzima.

Usimalize nguvu Agosti. Kura hufungwa mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo Novemba ndiyo ya kukaza.

Na mweleze kijana ukweli mapema: tangu 2000 wakimbiaji waliopata Heisman ni Reggie Bush, Ingram na Derrick Henry tu. Barua hizohizo zipeleke pia kwa wapiga kura wa Doak Walker, tuzo ya wakimbiaji peke yao. Huko hatashindana na kwotabeki yeyote.

Baba yako