Mistari iliyojongezwa: hesabu kwanza, mti baadaye

Makarani wa mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, hawapendi fomu. Wanaandika kwenye simu mstari kwa mstari, kilicho ndani ya kingine wanakisogeza kulia, wanatuma. Mwenye mtumbwi naye anataka hesabu yake jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo programu zangu nyingi hapa Mwanza zinaanza na maandishi kama haya (mwalo, ndani yake mtumbwi, ndani yake vitu vyake):

    Kirumba
      Subira
        dagaa ndoo 40
        mafuta lita 15
      Neema
        sangara kilo 62
    Igombe
      Tumaini
        sato kilo 9

Wengi wetu tukiona hivi tunakimbilia kitanzi chenye kigeugeu (variable) cha "nipo wapi sasa" na rundo (stack) la wazazi, yaani mistari ya juu iliyobeba mingine. Si vibaya, hata lugha ya Python hutumia rundo kufuatilia ujongezaji wa msimbo wake. Ila ukichanganya kusoma, kuhesabu nafasi na kujenga mti (muundo wa nani yuko ndani ya nani) mahali pamoja, siku karani akiruka kutoka ngazi ya tatu hadi ya kwanza utatafuta hitilafu usiku kucha.

Mimi nasema tenganisha. Kwanza tupa mistari mitupu, kisha geuza kila mstari uliobaki kuwa vitu vitatu: namba yake, idadi ya nafasi za mwanzo, na maneno yenyewe. Hapo hujajenga chochote, una orodha tu. Mti unatoka kwenye funksheni moja fupi, hii hapa kwa lugha ya Haskell, ikitumia maktaba ya Data.Tree (kina ni idadi ya nafasi za mwanzo, span huchukua mistari maadamu sharti linatimia):

    msitu [] = []
    msitu (x : baki) = Node x (msitu watoto) : msitu wengine
      where (watoto, wengine) = span (\y -> kina y > kina x) baki

Chukua mstari wa kwanza. Mistari inayofuata, maadamu imeingia ndani kuliko huo, ni watoto wake na uzao wao. Ukikutana na usioingia ndani zaidi, hapo watoto wameisha, na kilichobaki ni cha ndugu zake. Funksheni inajiita yenyewe pande zote mbili. Hakuna kigeugeu cha kukumbuka ulipo, na kuruka ngazi mbili kurudi nyuma hakuhitaji hata mstari mmoja wa ziada.

Angalia pia kwamba inalinganisha tu, haigawanyi. Usigawanye nafasi kwa mbili au nne kupata ngazi. Karani mmoja anaweka mbili, mwingine tatu, na wote wako sahihi.

Lakini ina upole uliopitiliza. Ipe mistari yenye nafasi 0, 4, kisha 2, itakubali na kuifanya ya 4 na ya 2 kuwa ndugu. Python ingegoma. Kwenye hesabu za samaki nami nagoma, kwa sababu kilo zikihamia mtumbwi mwingine watu hawaelewani. Ukaguzi naufanya kwa funksheni ya pili juu ya mti uliokamilika: watoto wa mzazi mmoja lazima wawe na idadi ile ile ya nafasi. Wasipolingana, narudisha namba ya mstari ili karani aambiwe, "Dada, angalia mstari wa 6." Ndiyo maana tuliibeba namba ile.

Alama ya kitufe cha Tab ikataeni mapema, kabla ya yote. YAML, muundo wa kuandika mipangilio ya programu, haiiruhusu kabisa kwenye ujongezaji, na Python 3 hukataa mchanganyiko wa Tab na nafasi unaoleta utata. Upana wake hutegemea nani anatazama.

(Kanuni ya mstari kujitambulisha kwa mahali ulipoanzia si ya jana. Mwanasayansi wa kompyuta Peter Landin aliieleza mwaka 1966, akaipa jina la kuotea, kule kule kwa mpira.)

Anayeandika kwa Python asinakili ile mistari mitatu ya Haskell kama ilivyo. Python kwa kawaida huruhusu funksheni kujiita takriban mara 1,000 kwa kina, na hapo juu kila ndugu anaongeza mwito mmoja. Orodha ndefu ya mitumbwi isiyo na kitu ndani itakuangusha. Ndugu wapitie kwa kitanzi, funksheni ijiite kwa watoto pekee. Sijawahi kuona karani aliyejongeza ngazi hata kumi.

Kujaribu ni rahisi: andika funksheni ya kugeuza mti kuwa maandishi, kisha yasome tena. Mti wa pili ukitofautiana na wa kwanza kwa maneno au mpangilio, usiipeleke programu mwaloni.