Mashindano ya kwanza ya raketiboli: daraja gani, sevu gani, na mambo ambayo klabuni hawakwambii

SWALI: Shikamoo kocha. Nacheza raketiboli (ule mchezo wa raketi na mpira ndani ya korti ya kuta nne na dari) mwaka na kitu sasa, klabuni tu na washkaji, hatuna refa, tunahesabu wenyewe. Nimejiandikisha mashindano ya ridhaa, ni ya kwanza kwangu, yamebaki kama wiki tatu hivi. Wanataka nichague daraja B au C, B ndiyo ya juu, wenzangu wote wanasema niende B kwa sababu sevu yangu ya draivu, ile ya kuanzisha kwa mpira wa chini na wa kasi, ni kali. Shida ni kwamba hiyo draivu siku ikikataa inakataa kabisa, mpaka mechi inaisha. Nifanyie kazi nini wiki hizi, na kuna sheria gani za mashindano ambazo mtu wa klabu kama mimi hazijui?

JIBU: Marahaba. Nenda C, hilo tulimalize haraka. Hao wenzako wanakupima kwa pigo lako bora na mashindano yanakupima kwa pigo lako la kawaida, lile unalopiga ukiwa umechoka na refa ameshaita kosa mara mbili. Halafu C ya mashindano sio C ya klabuni, utakutana na watu wamecheza miaka na miaka na wako palepale C kwa raha zao, hawakimbii sana lakini mpira wa dari wanaujua na hawakupi pointi ya bure. Muulize pia mwandaaji kama kuna droo ya faraja, yaani ukifungwa mechi ya kwanza unashushwa kwenye droo nyingine unaendelea kucheza. Mashindano mengi ya ridhaa wanayo, na kwa mtu wa mara ya kwanza ile mechi ya pili ina faida kuliko ya kwanza kwa sababu mapigo ya moyo yameshatulia.

Sasa hiyo draivu. Kwa hesabu ya zamani, ambayo bado inatumika sana kwenye ridhaa, gemu mbili za 15 na ya tatu ya 11 kama mmegawana, anayepata pointi ni anayesevu peke yake. Kwa hiyo ukikosea sevu mbili hujampa mwenzako pointi, umempa sevu, na wewe bila sevu hufungi kitu. Kuna mashindano yanahesabu pointi kwa kila reli, yaani kupigiana mpira kuanzia sevu mpaka mmoja ashindwe, bila kujali nani amesevu, hapo makosa mawili ni pointi imekwenda, kwa hiyo uliza mapema mnahesabu vipi maana inabadilisha kabisa unavyopaswa kuthubutu.

Draivu inakataa siku ya mashindano kwa sababu inayojulikana. Eneo la sevu, kati ya mstari wa mbele na mstari mfupi ulio nyuma yake, lina upana wa futi 5 tu, kama mita moja na nusu, na ukiwa na presha unaharakisha, unaudondosha mpira karibu na mwili, unaupiga ukiwa bado juu ya goti na mwili umeshafunguka, unagonga ukuta wa mbele pabaya, ama unadunda kabla ya mstari mfupi ama unaruka mpaka ukuta wa nyuma bila kudunda, na vyote ni kosa. Na mguu! Klabuni hakuna anayekuangalia mguu. Refa anaangalia. Unaruhusiwa kukanyaga mstari wa mbele ila sehemu ya mguu lazima ibaki juu ya mstari au ndani yake, ukiuvuka wote kabla mpira haujapita mstari mfupi umekosea, hata kama hiyo sevu ingekuwa ya kumaliza kazi. Weka simu chini pembeni ya korti ujirekodi sevu 20, uangalie miguu tu, mpira achana nao. Wenye draivu kali wengi wanavuka na hawajijui.

Mimi ningekutaka wiki hizi tatu usiongeze ukali wowote kwenye draivu. Tafuta sevu ya pili. Ukishakuwa na sevu ya pili unayoiamini hata ile ya kwanza inaanza kuingia, kwa sababu unaipiga bila hofu. Sevu yenyewe ni lobu, mpira wa juu na wa taratibu, ya kwenda kwenye bekihendi ya mpokeaji: simama katikati ya eneo la sevu, acha mpira udunde upande juu, ukutane nao usawa wa kifua, usiupige, usukume kwa bega kifundo kikiwa kigumu, ugonge ukuta wa mbele juu huko, kama robo tatu ya ukuta, urudi kwa upinde, uparuze ukuta wa pembeni kidogo kule nyuma kisha uanguke kwenye kona. Mpira ukiparuza mapema sana utatokea katikati ya korti na mwenzako atakumaliza. Usipoparuza kabisa utagonga ukuta wa nyuma na kumrudia vizuri mbele yake kama zawadi. Tandika taulo kwenye kona ya nyuma, piga 50 kila siku ukiwa peke yako, inachosha akili lakini hamna njia ya mkato.

Na mpokeaji ana sheria yake: kuna ule mstari wa vipande futi 5 nyuma ya mstari mfupi, haruhusiwi kuuvuka kuja kuukata mpira hewani, mpaka mpira udunde au uvuke huo mstari wenyewe. Kwa hiyo lobu yako ina usalama fulani mwanzoni. Sheria hiyohiyo inakufunga wewe ukipokea, na watu wa klabuni wana tabia ya kukimbilia mbele, jichunge.

Upande wa kupokea jibu ni fupi: piga dari. Usijaribu kuua sevu ya mtu, yaani kuimaliza kwa pigo moja la chini, kwenye mechi ya kwanza. Lenga dari hatua moja na nusu hivi kabla ya ukuta wa mbele, mpira utashuka ukutani, udunde, uruke juu kwenda nyuma, naye alazimike kuacha katikati. Ila hapa kuna mtego ambao unawakamata karibu wageni wote. Mpira wa klabuni kwenu umechoka, mmeucheza wiki nzima, na mashindano wanafungua kopo jipya. Kwa vipimo rasmi mpira ukiangushwa kutoka inchi 100 unatakiwa urudi inchi 68 hadi 72, yaani unaanguka mita mbili na nusu unarudi zaidi ya mita moja na sabini, mpira hai kwelikweli. Ule mpira wa dari uliokuwa unafia kona ya nyuma klabuni, kwa mpira mpya unagonga ukuta wa nyuma na kumrudia mwenzako usawa wa goti, basi umekwisha. Nunua kopo jipya leo, fanyia mazoezi hilo tu mpaka siku ya mashindano.

Sheria nyingine kubwa ni hinda, yaani kumzuia mwenzako asipige, na hapa klabuni mnacheza tofauti kabisa, naweza kuapa. Mwenzako akikuzuia bila kukusudia na hakukunyima pigo la wazi, reli inarudiwa. Lakini kama amekuziba njia ya kupiga mpira wa moja kwa moja au wa kuvuka korti kwenda kona ya nyuma ya mbali wakati ulikuwa na nafasi ya kuupiga, hiyo ni adhabu, anapoteza reli. Kwa hiyo ukishapiga, toka. Usisimame unaangalia pigo lako zuri. Na ukiona mgongo wa mtu mbele ya raketi yako zuia mkono, usipige, refa atakupa haki yako. Raketi yako ikiguswa wakati unaivuta nyuma, sema palepale, usisubiri uone mpira umekwenda wapi, ukipiga kwanza halafu ukalalamika baada ya kukosa hakuna refa atakusikiliza.

Kuhusu refa mwenyewe, usishangae ni nani. Ridhaa nyingi aliyefungwa mechi iliyopita ndo anachezesha inayofuata kwenye korti hiyo, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa na wewe utapewa ubao na kalamu. Kasome kitabu cha sheria kabla, angalau sehemu ya sevu na ya hinda. Akishaita matokeo mna sekunde 10, anayesevu na anayepokea wote, na kama hujawa tayari inua raketi au mgeuzie mgongo, usiseme baadaye hukuwa tayari.

Vidogo vidogo: miwani ya kinga ya lenzi ni lazima, ya kawaida ya kusomea haihesabiki, na kamba ya raketi iwe imefungwa mkononi muda wote. Beba glavu za ziada, zikilowa raketi inageuka mkononi. Fika mapema sana, sheria za Marekani zinatoa dakika 10 tu baada ya muda wa mechi kisha unapoteza, na ratiba huwa inasogea mbele na nyuma bila huruma. Pasha mwili nje ya korti, muda wa ndani ni mfupi, na huo utumie kumwangalia yeye: mrushie mipira ya bekihendi uone kama anaigeuza kwa forehendi. Wengi wa C wanageuza.

Taimauti, yaani mapumziko mafupi ya kuomba, unazo tatu kwa gemu ya 15, sekunde 30 kila moja, zitumie. Mtu akikufunga pointi nne mfululizo usisubiri ya tano, omba, futa jasho, rudi na lobu. Na nyuzi za raketi kama unataka kubadilisha, badilisha wiki hii, sio siku mbili kabla.