Mtoto Anaitupa Kalamu

SWALI: Mhariri, mtoto wangu wa kiume ana miaka miwili na nusu. Nilimnunulia daftari na kalamu ili azoee kuandika kabla ya kuingia maternele (shule ya chekechea), lakini huishika kalamu kwa ngumi, akakwaruza kidogo, kisha akaitupa na kukimbilia beseni la maji. Wifi yangu anasema nimlazimishe. Nifanye nini?
Mama wa Katindo, Goma

JIBU: Mama, kushika kalamu kwa ngumi katika umri huo si kasoro. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado haijakomaa, na uwezo wa kuutawala mkono huanzia begani, ukashuka kwenye kiwiko na kifundo, vidole vikawa vya mwisho. Kwa kawaida mtoto huiga mstari wa wima akiwa na miaka miwili hivi, duara kwenye mitatu na msalaba kwenye minne. Herufi bado ziko mbali.

Mimi ningeanzia kwenye beseni hilohilo. Mpe kitambaa akichovye na kukikamua, maana kukamua huimarisha viganja na vidole. Mpe pia brashi kuukuu apake maji ukutani akiwa amesimama, kwa kuwa ukuta hulifanyisha kazi bega na kukikunja kifundo kuelekea nyuma, mkao uleule atakaouhitaji siku ya kuandika. Usimwache peke yake hata kidogo, kwani maji machache hutosha kumzamisha mtoto, mkimaliza, yamwage.

Kwa kufinyanga, donge la bugali uliopoa linatosha kabisa (wala akilimega na kulila hakuna hasara). Abingirishe nyoka, atoboe kwa kidole cha shahada, kisha umchoree mstari juu yake aufuate kwa kidole hichohicho. Changarawe nyeusi ya volkeno, ambayo mjini kwetu haitafutwi, usimpe, kwa sababu ina makali. Maharagwe nayo yasubiri: humkaba mtoto koo, na likiingia puani huvimba kwa unyevu.

Akiutumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine umelegea, mpeleke kituo cha afya. Vinginevyo, daftari likae kabatini, na wifi akisisitiza, mtoto apewe chaki nene iliyokatwa, achore sakafuni mbele ya macho yenu. Ufupi wake utamfanya aishike kwa ncha za vidole bila kuamriwa.