Jibu: Ndugu yetu kakutwa majini, mbona polisi wanazuia maziko?

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kwa nini polisi wa Tanga wanadai uchunguzi wa maiti wakati kila mtu anaona mvuvi wenu kazama. Kukutwa majini hakuthibitishi kuzama. Viganja vilivyokunjamana vinaonyesha mwili umekaa majini tu. Hata aliyetupwa akiwa maiti hukunjamana hivyo hivyo. Daktari hutafuta povu puani, mapafu yaliyovimba na kuwa mazito, mchanga ndani ya koo la hewa, na jeraha la kichwa, maana laweza kuwa la mwamba au la mtu. Povu peke yake halitoshi, sumu pia huleta.

Kwanza muulizeni mpelelezi kama fomu ya polisi ya kuomba uchunguzi wa maiti imefika hospitali. Sisi tulikwama hapo. Msimwoshe marehemu kabla ya uchunguzi. Na kama alikuwa na kifafa, mwambieni daktari, maana huenda kilimshika akiwa majini, tafadhali msione haya.